Gari likiugua klachi: pima kwanza, fungua mkoba baadaye

Injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari linatambaa kama limefungwa kamba kwa nyuma. Ndani kuna harufu ya kitu kilichoungua. Nyuma kuna magunia ya viazi, mbele kuna kilima, na pembeni ya dereva amekaa mama mjamzito au mtoto aliyekumbatia begi la shule. Klachi za magari kuukuu hupenda kujitangaza namna hiyo, siku mbaya na mahali pabaya, mfuko ukiwa mtupu.

Lakini klachi haichakai kwa siku moja. Mara nyingi huanza kulalamika wiki au miezi kabla, na anayelipa sana ni yule aliyesikia malalamiko akaongeza sauti ya redio.

Kwa nini habari ya klachi iandikwe kwenye ukurasa wa familia? Kwa sababu Kitandililo, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako mkoani Njombe, gari la nyumba moja huwa gari la mtaa mzima. Asubuhi linapeleka mahindi na viazi Makambako. Shule zikifunguliwa linabeba godoro na sanduku la mtoto wa bweni. Usiku, mlango ukigongwa, linageuka gari la wagonjwa.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huo wa pili ndio unaoihusu klachi. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ulibuniwa kwa ajili ya ucheleweshaji huo. Mtu anapiga 115 bila malipo, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu, anaitwa dereva wa jamii mwenye gari lake mwenyewe, anayelipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama. Kila mzazi aiweke namba hiyo kwenye simu yake leo, awe na gari au asiwe nalo. Ila mpango kama huo unategemea kwamba gari la dereva huyo linapanda kilima.

Si kila homa ni malaria

Watanzania wamefundishwa kwa miaka mingi kwamba si kila homa ni malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa, na leo hata zahanati ya kijijini inatoa tone la damu kidoleni kwanza. Gereji nyingi bado ziko pale kwenye zamani ile ya homa na dawa. Gari likikosa nguvu ni klachi. Gia zikigoma ni klachi. Pedali ikipiga kelele, klachi tena. Halafu giaboksi inashushwa, pesa inalipwa, na ugonjwa unabaki palepale.

Chukua mfano wa nyumba moja. Baba analima viazi na mahindi na kubeba mizigo ya majirani kwa pikapu ya zamani. Mama ni mwalimu, ana ujauzito wa miezi saba. Mtoto mkubwa yuko bweni, wawili wako nyumbani. Pikapu imeanza kuchoka kwenye vilima. Baba anaipeleka gereji Makambako, anasalimia kamwene, na kabla hajamaliza kueleza fundi amekwisha kata shauri.

"Klachi hiyo, bosi. Acha gari, jioni nitakuwa nimeshusha giaboksi."

Mama ndiye anayeuliza. "Fundi, kabla hujashusha, tuonyeshe umejuaje."

Swali hilo ni la bure, na katika ukarabati huu hakuna kitu chenye thamani kubwa kulizidi. Fundi mzuri halichukii. Fundi anayekasirika, au anayemgeukia baba na kusema "mwambie mama asubiri kwenye benchi", amekwisha jibu.

Ili kuelewa majibu, mzazi anahitaji kujua kidogo tu kilichomo ndani. Pleti ya klachi ni sahani nyembamba yenye kitambaa kigumu cha msuguano pande zote mbili. Upande mmoja imeegemea flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini. Upande wa pili inabanwa na presha pleti yenye springi kali. Pleti ikibanwa, nguvu ya injini inakwenda kwenye giaboksi na matairi. Dereva akikanyaga pedali, beringi ya rilizi inasukuma springi, pleti inaachiwa, na gia inaweza kubadilishwa. Ni kubana na kuachia. Kwa hiyo magonjwa makubwa nayo ni mawili: klachi isiyobana na klachi isiyoachia. Dalili zake zinatofautiana, na gharama zake zinatofautiana zaidi.

Klachi isiyobana inateleza. Gari likiwa gia ya juu kwenye mwinuko, dereva akiongeza mafuta, injini inapandisha sauti lakini mwendo hauongezeki. Mara nyingi harufu ya kuungua hufuata. Hapa ndipo dereva asikilize vizuri, maana kuna ugonjwa unaofanana na huu: gari linakosa nguvu na injini yenyewe haipandi. Injini isipopandisha mizunguko, klachi haina kosa. Tatizo linaweza kuwa chujio la mafuta lililoziba, hewa isiyoingia vizuri, au breki zinazoshika tairi. Chujio jipya ni pesa ndogo sana ukilinganisha na kushusha giaboksi.

Fundi anaweza kuthibitisha utelezi kwa jaribio moja. Gari linapashwa moto, linawekwa sehemu tambarare ambayo mbele na nyuma hakuna mtu, breki ya mkono inafungwa na breki ya mguu inakanyagwa. Inaingizwa gia ya nne, kisha pedali ya klachi inaachiwa polepole. Klachi nzima inazima injini papo hapo. Ikiwa injini inaendelea kuzunguka huku gari limesimama, pleti inateleza. Jaribio lifanywe mara moja tu, na watoto wawe mbali. Kulirudia ni kuunguza kile kidogo kilichobaki.

Hata hapo shauri halijaisha. Kwenye magari yanayotumia waya wa klachi, waya uliokazwa kupita kiasi huifanya klachi isibane sawasawa, na dawa yake ni spana na dakika chache. Kuna pia oili. Fundi achungulie chini, pale injini inapokutana na giaboksi. Kukiwa na umajimaji mweusi unaochuruzika, huenda oili sili ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi imekufa na oili inailowesha pleti. Anayefunga pleti mpya bila kubadilisha sili hiyo amenunua pleti ya kwenda kulowa. Dalili nyingine ya oili, au ya flaiwili iliyoharibika uso, ni gari kutetemeka linapoanza kuondoka, ingawa mauntini za injini zilizokatika nazo huleta mtikisiko kama huo.

Klachi isiyoachia ni habari nyingine kabisa. Gia namba moja na rivasi zinagoma au zinaingia kwa kusaga, lakini injini ikizimwa zinaingia laini. Wazazi wengi hudhani giaboksi imekufa na kuanza kuota mchana. Kwanza kitazamwe kikopo cha mafuta ya klachi. Kwenye magari mengi pedali husukuma mafuta kutoka masta iliyo karibu na ukuta wa injini hadi silinda ndogo iliyo chini kwenye giaboksi, ambayo mafundi huiita slevu. Mojawapo ikivuja, au hewa ikiingia kwenye bomba, pedali inakuwa laini na klachi haiachii. Kanyaga pedali mara tatu nne kwa haraka kisha jaribu gia. Ikiingia, shuku masta na slevu. Kwenye magari mengi ya zamani hivi viko nje, havihitaji giaboksi kushushwa, na wakati mwingine mpira mdogo tu ndio uliochakaa.

Kelele nazo zina maana yake. Mlio unaotokea pedali ikikanyagwa mara nyingi ni beringi ya rilizi. Mlio uliopo pedali ikiwa juu, unaopotea ikikanyagwa, huelekeza kwenye beringi ya giaboksi, na huo hautapona kwa klachi mpya hata iwe ya dhahabu.

Katika nyumba ya mfano wetu, jaribio la gia ya nne linafanywa na injini haizimi. Waya hakuna, gari linatumia mafuta. Chini kuna unyevu wa oili. Sasa ni haki kushusha giaboksi, na mama amekwisha jua kwamba sili nayo imo kwenye hesabu. Hilo limewagharimu nusu saa.

Lipa ufundi mara moja

Kosa linalotafuna familia nyingi linatokana na nia njema ya kubana matumizi. Pleti imeisha, basi inunuliwe pleti tu. Presha pleti "bado ina nguvu". Beringi "tutaiangalia mbele ya safari".

Zifuate tarakimu hizi. Ni za mfano tu, kila gari na kila gereji ina bei yake, lakini uwiano ndio wenye somo. Pleti Sh90,000, presha pleti Sh140,000, beringi ya rilizi Sh50,000. Seti nzima ni Sh280,000. Ufundi wa kushusha na kurudisha giaboksi ni Sh100,000. Ukifanya vyote siku moja unalipa Sh380,000. Ukibadilisha pleti leo, beringi baada ya miezi minne, na presha pleti mwaka unaofuata, spea ni zilezile za Sh280,000, ila ufundi umeulipa mara tatu. Jumla Sh580,000. Laki mbili zimekwenda kwa kushusha chuma kilekile, bila kuhesabu siku ambazo gari limelala gereji na mizigo ya majirani imebebwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana giaboksi ikishashuka, kila kinachofikiwa kwa kuishusha kitazamwe: pleti, presha pleti, beringi ya rilizi, ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili kama gari linayo, na sili. Uso wa flaiwili ukiwa na mikwaruzo au madoa ya bluu ya kuungua, upelekwe kwa fundi wa kuchonga vyuma usawazishwe. Kwa nyumba yetu, uchongaji, sili, oili ya giaboksi na kusafirisha kifurushi vinaongeza laki moja, na hesabu inafika Sh480,000.

Makambako ina bahati ya kijiografia. Ni pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Gereji hazikosekani kwenye mji wa malori, na spea isiyopatikana leo inaweza kuagizwa Dar es Salaam ikaja na basi. Bahati hiyo ina upande wake wa pili. Mji wa wapita njia huvutia pia muuzaji wa spea feki, anayejua kwamba mteja wake kesho yuko Tunduma.

Anayenunua aende na pleti ya zamani mkononi, au picha yake ikiwa na futi kamba juu. Upana ulingane, na meno ya katikati yahesabiwe moja moja. Jina la gari pekee halitoshi, maana gari la jina moja hutoka na injini tofauti, kwa hiyo namba ya injini na ya chasisi zipelekwe dukani. Boksi lenye nembo maarufu halithibitishi kitu. Risiti ya EFD inathibitisha angalau ulinunua wapi na lini, na kuidai ni wajibu wa mnunuzi kisheria. Kuhusu vipuri vya mtumba, pleti ya mtumba ni kununua viatu vilivyokwisha soli. Presha pleti ya mtumba nayo ni kamari. Kitu pekee cha mtumba chenye mantiki hapa ni flaiwili, ikiwa yako imepasuka, na ikipita kwa mchongaji kwanza.

Makubaliano na fundi yaandikwe. Karatasi ya daftari la mtoto inatosha: kinachobadilishwa, bei ya ufundi, siku ya kumaliza, na fundi atafanya nini kama gari litarudi na tatizo lilelile ndani ya mwezi. Malipo ya ufundi yagawanywe, sehemu mwanzoni na iliyobaki baada ya gari kupanda kilima likiwa na mzigo wa kawaida. Kulizungusha gereji peke yake kwenye uwanja wa tambarare si jaribio.

Pesa itoke wapi

Hapa ndipo ndoa zinapopigwa na upepo. Baba anaona pikapu ndiyo inayoleta chakula, kwa hiyo itengenezwe kwa gharama yoyote. Mama anajua kuna pesa tatu ndani ya nyumba ambazo hazina jina la gari: ya kujifungulia, ya bima ya afya, na ya mtoto wa bweni. Elimu ni bila ada, lakini sare, godoro, nauli na mahitaji ya bweni havijawahi kuwa bila pesa.

"Mama watoto, gari likipona, pesa zote hizo zitarudi ndani ya mwezi."

"Na nikishikwa na uchungu ndani ya mwezi huo?"

Wote wawili wana hoja. Lakini hoja ya mama ina tarehe, ya baba haina. Pesa ya kujifungulia isiguswe, hata kwa siku tatu, hata kwa ahadi ya mteja mwenye gunia 40 za kubeba. Ujauzito wa miezi saba hauongezi muda kwa sababu fundi amechelewa kupokea kifurushi.

Kinachobaki ni kutazama vyanzo vingine kwa utulivu. Kikoba ndicho cha kwanza. Tuseme nyumba hii ina akiba ya Sh150,000 inayoweza kutoka, pengo linabaki Sh330,000.

Mikopo ndiyo inayohitaji kalamu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa Sh330,000 hiyo ni Sh11,550 kwa mwezi, Sh34,650 kwa miezi mitatu hata kama riba itahesabiwa kwenye deni lote. Inaumiza, lakini inahimilika. Sasa mchukue yule wa pembeni ya soko anayetaka asilimia 30 kwa mwezi, mwenye mkopo ambao wananchi wenyewe wameubatiza kausha damu. Deni hilohilo linazaa Sh99,000 kila mwezi. Miezi mitatu ni Sh297,000, karibu sawa na mkopo wenyewe, na mkopo wenyewe bado upo. Klachi imekuwa klachi mbili. Mkopeshaji wa aina hiyo akishika kadi ya gari, familia imelipa kutengeneza gari la mtu mwingine.

Mikopo ya simuni nayo isichukuliwe kwa kubonyeza tu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii walijulikana kwa kutuma ujumbe kwa majina yote yaliyomo kwenye simu ya mdaiwa, hadi mwalimu mkuu na mama mkwe wakajua. Kabla ya kupakua chochote, uliza leseni iko wapi, na usikubali programu inayoomba ruhusa ya kusoma namba za watu wako.

Kuuza mahindi ya chakula ni njia nyingine inayovutia, hasa baada ya mavuno, na Makambako kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yanayofanya biashara hiyo ionekane rahisi. Ziada iuzwe. Lakini mahindi ya kulisha nyumba yakiuzwa wakati kila mtu anauza, yatanunuliwa tena Januari au Februari wakati kila mtu ananunua, na hakuna riba ya benki inayofikia tofauti hiyo. Afadhali mbuzi.

Kuna njia moja ambayo wanaume wengi huionea aibu bila sababu, nayo ni kuwaambia majirani. Gari linalobeba mizigo ya watu watano lina wadau watano. Mteja wa kawaida anaweza kulipia safari mbili za mbele, iandikwe kwenye daftari, na mkopo huo hauna riba wala ujumbe wa vitisho usiku. Unachohitaji ni gari kurudi barabarani kweli, ndiyo maana kupima kulitangulia.

Wakati mwingine jibu ni kutotengeneza. Ikiwa klachi imekuja pamoja na injini inayokula oili, chasisi iliyooza na bima iliyokwisha muda, mzazi ajiulize ni mara ngapi gari limeingia gereji tangu mwaka jana na lilileta shilingi ngapi. Wapo wanaotengeneza kwa huruma, kwa sababu gari lilinunuliwa mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza. Huruma hiyo inaeleweka, ila kwenye daftari haina safu yake.

Vumbi la klachi na chupa ya soda

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye risiti. Klachi na breki za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi ndogo yanayostahimili joto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu, koo na ya utando unaozunguka mapafu, na ugonjwa unaweza kujitokeza miongo kadhaa baada ya kuvuta vumbi. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake mwaka 2005. Kwa macho huwezi kujua kama pleti ya gari kuukuu, au ya boksi lisiloeleweka, ina asbesto au haina. Njia salama ni kuichukulia kwamba inayo.

Kwa hiyo giaboksi inaposhuka, lile vumbi jeusi lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo, kama wengi wanavyofanya. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa kibichi, kitambaa kitupwe kikiwa kibichi. Mama mjamzito na watoto wasisubiri pale. Fundi asirudi nyumbani na ovaroli hiyo akamnyanyua mtoto, na ovaroli isifuliwe kwenye beseni moja na nguo za shule. Vijana wanaojifunza kazi ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu wao ndio huambiwa "puliza hapo".

Jeki peke yake haishikilii gari wakati mtu yuko chini. Stendi za chuma au magogo imara yatumike, si mawe wala tofali, ambazo hupasuka bila taarifa.

Mafuta ya klachi, ambayo ni yaleyale ya breki, hubaki kidogo na kupelekwa nyumbani kwenye chupa ya soda. Ni sumu, na kwa rangi hayatofautiani sana na kinywaji. Yabaki kwenye chupa yake, juu, mbali na jiko. Mtoto akiyanywa asitapishwe wala asipewe mafuta ya kula. Apelekwe kituo cha afya haraka, na chupa ipelekwe pamoja naye ili mhudumu ajue ni nini.

Mguu wa kushoto

Klachi mpya ikishafungwa, mafundi wengi hushauri kilomita mia chache za kwanza ziwe za upole, ili pleti na chuma vizoeane. Hakuna lumbesa, hakuna kuvuta gari jingine kwenye tope. Baada ya hapo umri wake uko kwenye mguu wa kushoto wa dereva. Anayeuegesha mguu juu ya pedali safari nzima anaila beringi na pleti kidogo kidogo. Anayelizuia gari kwenye mwinuko kwa kucheza na klachi na mafuta, badala ya kuvuta breki ya mkono, anaichoma. Gunia la lumbesa linamwonea mkulima kwenye mizani, na linaionea pia klachi kwenye kilima.

Pleti ya zamani itazamwe palepale gereji, ipigwe picha, ibaki huko imefungwa ndani ya salfeti. Nyumbani isiende. Watoto wa Kitandililo hutengeneza magari ya mchezo kwa chochote cha mviringo, na ile sahani yenye springi katikati inavutia sana kuliko kifuniko cha ndoo.